Pale Nati Zinapokaa

Mjukuu wangu Tumaini,

Hapa mtaani kwetu Soweto tu wazima, bibi yako anapalilia maharage. Umeuliza kama unaweza kupaka rangi ringi za gari lako mwenyewe, hapo kwako Iringa. Unaweza. Piga msasa mpaka kutu iishe.

Ila pale nati zinapokaa usipake. Siku tulipopeleka posa ya kaka yangu huko Kilolo, nilikuwa nimepaka ringi zote za pikapu yetu. Kaka alisema, "Hapo acha." Nikamjibu, "Wakwe watatucheka." Njiani rangi ikasagika chini ya nati, zikalegea, tairi likachomoka. Mimi nilitoka mzima. Kaka hakutoka.

Ringi ile iko nyuma ya nyumba. Mpaka leo inang'aa.

Babu yako