Papa, Hakuna Aliyekuwekea Sumu

Papa,

Sasa ninajua kilichokuua, na kujua huko hakujanipa raha hata kidogo.

Mwaka huu, hapa Kisangani ninaposomea udaktari, profesa alitufundisha juu ya kirusi kinachoingia kwenye maini. Alisema chenyewe hakiharibu sana. Kinaweza kukaa kimya miaka mingi, tangu utoto. Ila zile chembe nyeupe za damu zinazolinda mwili, zikikigundua, zinaua chembe za maini zilizokificha. Zinaua, maini yanaota kovu, zinaua tena, mpaka maini yanakuwa magumu. Nikakuona wewe, Papa: macho ya manjano, tumbo limejaa maji, unanisukumia sahani ya sombe, yale majani ya muhogo aliyopika Mama. "Kula weye, mutoto yangu." Nikatoka darasani.

Kwa sababu Tonton, mdogo wako, alisema ni ile sombe iliyokuua. Kwenye matanga yako alisimama mbele ya watu wote akasema Mama alikuwekea kitu. Ndugu zako walimnyang'anya Mama hata kitenge ulichomletea kutoka Bengamisa. Akarudi kwa kaka yake kule Opala, na tangu hapo hampikii mtu yeyote. Anaogopa mikono yake mwenyewe.

Sasa Tonton naye macho yamekuwa manjano. Ndiyo, Papa. Mlilelewa nyumba moja. Huenda nyote wawili mlikipata kirusi mkiwa watoto. Jumapili alituita sisi wa ukoo, akamtazama mke wake, akaanza: "Huyu mwanamuke..."

Sikumwacha amalize. "Tonton, hakuna mwanamuke aliua Papa. Ni mwili yake yenyewe ilipigana mpaka ikamumaliza. Na ya kwako iko inafanya vile vile."

Aligeukia ukuta. Mke wake amebaki nyumbani, anamwosha, anampikia. Nilifurahi kwa ajili yake, halafu hasira ikanishika. Maneno hayo yamemwokoa yeye. Mama yamechelewa kumfikia. Hakuna aliyesema twende tumchukue. Hata dada zako, wanaokuja kuniuliza dawa ya Tonton, jina la Mama hawalitaji. Na kwa maini yaliyofika hapo, dawa ya kuyaponya haipo.

Bon, Papa, lala. Masomo yakifungwa nitapanda boti mpaka Opala, nimweleze Mama polepole, kwa maneno ya nyumbani. Akikubali, nitarudi naye. Akikataa, nitakaa naye huko likizo nzima, nile atakachopika. Tonton akifa nikiwa kule, wamzike bila mimi.

Binti yako,
Mauwa