Nimuue Bibi Kiti cha Nyuma?

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijajiongezea aibu. Miaka tisa iliyopita mimi na dada yangu tulianzisha tovuti ya wapenda sinema, watu wazipe filamu nyota, wabishane, wafanye urafiki, na kwa kuwa mwanzoni hapakuwa na mtu, nikabuni mwanachama, nikamwita Bibi Kiti cha Nyuma, mjane mwenye ulimi mkali anayesinzia filamu ikimchosha, basi watu wakampenda, wakaja kwa maelfu mpaka tukapanga ofisi juu ya duka la viatu, na Bibi akawa anaandika kila siku, yaani mimi. Halafu tukaharibu wenyewe, tukaondoa ukurasa wa mabishano eti tovuti ipendeze, watu wakahamia kwingine, dada akapata kazi benki, nimebaki na wanachama kumi na mmoja, na mmoja wao ni fundi cherehani mstaafu aliyefiwa na mke, ambaye kila Jumapili humwandikia Bibi kuhusu filamu aliyotazama na mambo yake ya moyoni, na Bibi humjibu. Mwisho wa mwezi nafunga tovuti. Fundi ameomba aonane na Bibi, hata ameeleza anapokaa. Nimeshaandika tangazo kwamba Bibi amefariki, dada anasema, "Mzike tu, kaka, yaishe," lakini kidole kimekataa kubonyeza. Nifanyeje?

Mwenye Tovuti

Mwenye Tovuti, pole, sasa nikugombeze. Mtu kamzika mkewe, wewe unataka aomboleze tena, tena bila maiti? Akiuliza kaburi liko wapi utamwonyesha nini? Mwambie dada yako nimekataa.

Ule uongo wa mwanzo ningekusamehe, wenye maduka wengi hujifanya wateja. Ila siku mzee wa watu alipoanza kumsimulia Bibi habari za marehemu, ulipaswa kusema. Hukusema, ulinogewa. Wenzake wamekukimbia, yeye bado anakusoma, na unaogopa kumpoteza. Nakuelewa, lakini hilo si kosa lake.

Futa tangazo leo. Usimwandikie, mtu mzima haambiwi jambo hili kwa ujumbe. Chapisha barua zake zote kwenye karatasi, maana tovuti ikifungwa zitapotea nazo ni zake, umpelekee nyumbani mchana. Mwambie, "Mzee, Bibi ni mimi," kisha umwache aseme yeye. Atakasirika, ana haki. Akikufukuza, ziache barua mlangoni uondoke. Akikuuliza kama yale majibu yalitoka moyoni, mjibu kwa jina lako.