Sauti ya Mama Mawinguni

3 Juni

Chiriku wangu,

Hujambo, mwanangu? Kifua kimepona? Mimi mzima, goti tu ndilo linalonisumbua ninapoinuka.

Nina habari ya kukuchekesha. Ile kanda ambayo marehemu mama yako alikurekodia ulipokwenda shule ya urubani, nimeikuta kwenye droo ya vifungo. Basi nikaunda kirusha mawimbi kidogo kwa vyuma vya redio mbovu za wateja, nikainua antena juu ya paa. Sasa nikiicheza kanda, redio zote za nyumbani zinamtoa yeye: jikoni, barazani, hata huku karakanani. Naiwasha saa kumi kila siku, wakati ule aliozoea kurudi. Nyumba imepata mtu.

Najua ndege zenu zinapita juu ya bati letu zikienda kutua. Nikisikia mngurumo, nasema huyo ni wewe, japo najua mara nyingi si wewe.

Baba yako

11 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepona. Goti lisugue kwa maji ya moto, usilifanyie ujeuri.

Baba, keti kwanza. Jana tulikuwa tunashuka kuja uwanja wa kwetu, mawingu yamefunga, nje huoni kitu. Wakati kama huo tunafuata mawimbi yanayorushwa kutoka uwanjani. Kuna sindano inayotuonyesha kama tuko sawa na njia ya kutua. Mimi kama rubani msaidizi husikiliza milio ya mawimbi hayo, nihakikishe ni yenyewe. Jana badala ya milio nilisikia sauti ya Mama: "Wewe mzee, acha kugongagonga, narekodi!"

Sindano ikayumba kushoto, ikarudi, ikayumba tena. Rubani mkuu akauliza, "Nani huyo?" Baba, kazi yangu ilikuwa kusema "panda" papo hapo. Nilinyamaza. Nilitaka amalizie. Rubani mkuu ndiye aliyepandisha ndege, nyuma yetu wakiwa watu sitini na wawili.

Nimeandika ripoti. Nimetaja nyumba yetu, na nimetaja kunyamaza kwangu. Watakuja wakaguzi. Usiwasubiri, Baba. Zima leo.

Kisha niambie, baada ya hapo anasema nini? Nimesahau.

Binti yako, Chiriku

19 Juni

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama, na kwamba kazini hawajakukalisha benchi kwa ajili yangu.

Barua yako niliipata Jumamosi. Sikuzima. Nilijiambia, siku moja tu zaidi, anga ni jeupe. Jumapili nikasema hivyo hivyo. Jumatatu mawingu yakashuka hadi kwenye nguzo za umeme. Saa kumi na robo ndege ikaja chini sana, nikaona tumbo lake, kisha ikaunguruma na kupanda tena. Mama yako alikuwa anaongea jikoni. Nilikimbia na goti langu hili, nikang'oa waya kwa mkono. Nikakaa sakafuni mpaka niliposikia ndege inarudi na kutua.

Kama ulikuwa ndani yake, nisamehe. Kama hukuwamo, walikuwamo watoto wa wengine, nisamehe vilevile.

Wakaguzi walikuja Jumanne. Mmoja, binti wa umri wako, akakigeuza kirusha mawimbi mkononi. "Babu, hiki umekiunda mwenyewe?" Nikasema ndiyo. "Kizuri," akasema, akakitia mfukoni mwa ushahidi. Nimetia sahihi kwamba sitarudia. Kanda wameniachia. Sasa nikitaka kumsikia, nakaa karibu na kinasa sauti kama mgeni. Jikoni kumekuwa kimya.

Uliuliza anasema nini baada ya pale. Anacheka, halafu anasema: "Vaa sweta, Chiriku, huko juu kuna baridi." Kisha mimi nagonga tena, kanda inaisha.

Ukiwa mawinguni, sikiliza milio yako, uniache mimi. Ukishatua, ukizima injini na kuvua visikizi masikioni, ndipo unikumbuke.

Baba