Lita Moja na Nusu

Ushirombo,
7 Machi 1982

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na mguu umepoa. Sisi huku hatujambo, ila sukari tumesahau hata sura yake.

Habari kubwa: nimekabidhiwa Landrova ya zahanati. Ndiyo, mimi Leodgar, uliyenifukuza gerejini kwa kupoteza spana! Ni nzee na inakula oili. Betri imekufa pamoja na taa zote za dashibodi, hata ile ya kuonya oili ikipungua, na betri nyingine haipatikani hata kwa dawa. Kwa kibali tumepata dumu moja la lita sita za oili mpya. Sijawahi kubadilisha oili peke yangu, basi nielekeze. Mganga amesema Anisia asijaribu kujifungulia hapa, kwa kuwa Kalisti wetu wa kwanza alitolewa kwa kupasuliwa. Mwezi ujao nimpeleke hospitali ya Shinyanga, na gari ni hili tu.

Mwanao,
Leodgar


Mwadui,
16 Machi 1982

Mwanangu Leodgar,

Marahaba. Mguu bado umenuna lakini kazini naenda. Mama yako anamsalimu mkwewe, anasema asithubutu kubeba ndoo.

Spana ile nimeikumbuka nikacheka. Sasa sikiliza, maana haya ni ya miaka ishirini na sita gerejini, si maneno ya kijiweni. Washa injini ipate moto, zima, fungua nati ya chini, acha oili itiririke mpaka tone la mwisho. Funga, mimina mpya. Landrova hiyo hunywa lita sita hivi, lakini alama za lita kwenye madumu ya siku hizi zinadanganya. Wewe tazama kijiti cha kupimia. Kichomoe, kifute, kirudishe, kisha kichomoe tena usome. Oili ikifika alama ya juu, acha. Ukizidisha, mipira ya kuzuia oili itapasuka na yote itamwagika. Amini kijiti kuliko hata mimi.

Kuhusu betri, usiizime Landrova kamwe mahali pa tambarare. Iache mlimani, pua ikitazama chini. Ukitaka kuwasha unaiachia iteremke, unatia gia, imewaka.

Baba yako,
Telesphori


Ushirombo,
4 Aprili 1982

Baba,

Shikamoo, na Mama pia shikamoo. Wabeja, asante sana! Nimefanya kama ulivyoandika. Landrova nimeiweka kwenye mteremko wa kanisani, pua chini, na oili nimeibadilisha hapo hapo, maana nikiipeleka tambarare nani atanisukumia? Kwa alama za dumu zimeingia lita nne na nusu tu, kijiti kikaonyesha imefika alama ya juu. Nimepima mara tatu. Kweli madumu yanadanganya! Lita moja na nusu iliyobaki nimeificha chini ya kitanda. Anisia ananicheka, anasema naitunza kuliko yeye.

Injini inagonga kidogo asubuhi, nadhani ni ugeni wa oili. Tunaondoka tarehe 20. Kofia ya mtoto ameshaifuma.

Mwanao,
Leodgar


Mwadui,
19 Aprili 1982

Leodgar, usiwashe gari!

Salamu nitakupa siku nyingine. Barua yako nimeipata leo, ilikwama kwenye sanduku la ofisi tangu Pasaka.

Pua ikiwa chini, oili hukimbilia mbele kijiti kilipo, nacho kinakuambia imejaa wakati injini ina njaa. Hupimwa tambarare. Tambarare, mwanangu! Sikukuambia kwa sababu gereji yetu ni sakafu ya saruji, na miaka yote hii sijapata kupima gari mlimani. Halikunijia akilini hata kidogo. Waite watu, hata kumi, waisukume mpaka mahali palipo sawa. Pima upya, mimina ile ya chini ya kitanda. Barua hii nampa Januari, dereva wa lori la chumvi, anayeondoka kesho alfajiri kuja huko.

Baba yako


Ushirombo,
2 Mei 1982

Baba,

Shikamoo.

Anisia hayupo tena. Mtoto naye hakulia.

Tuliondoka tarehe 20 kama nilivyokuambia. Asubuhi ile nilipima, kijiti kikasema inatosha. Tulipopita Masumbwe injini ikagonga kwa nguvu, ikakaza, haikuzunguka tena. Uchungu ukamshika pale pale, kabla ya siku zake. Gari halikupita mpaka jioni, na lililokuja la kwanza ni lori la chumvi. Januari aligeuza akatupakia bila kuuliza neno, lakini Kahama hatukufika naye akiwa hai. Baada ya kumfunika kwa khanga ndipo Januari alipoingiza mkono mfukoni. Akasema, una barua ya baba yako, ya haraka.

Sikulaumu. Nimeliandika neno hilo nione kama mkono wangu utakubali kuliandika.

Leodgar


Mwadui,
15 Agosti 1982

Mwanangu Leodgar,

Hujambo, mwanangu? Hii ni barua ya tatu na hujajibu hata moja. Kalisti hajambo, anakula, amezoea kulala na bibi yake. Jana ameniuliza baba anakuja lini.

Nisikufiche. Mama yako alipokuja matangani nilisingizia mguu. Mguu ulikuwa mzima. Niliogopa uso wako.

Aliporudi na Kalisti alileta na dumu ulilompa. Nililitikisa, nikafungua mfuniko, nikachungulia nikitafuta karatasi yenye neno lako. Hamna kitu ila oili. Nikalipeleka gerejini, nikalipima juu ya ile saruji. Ni lita moja na nusu kamili, Leodgar. Dumu halikudanganya.

Niandikie, mwanangu, hata kama ni matusi.

Baba yako, kama bado unaniita hivyo