Baba, Hamisi Ameandikwa Pale Pale

Mpendwa Baba,

Leo nimekasirika, na wewe hupo nikugombeze. Basi nakuandikia, na anayetaka kusoma asome.

Unazikumbuka zile pakiti za maziwa? Kila jioni ulitoka kwenye kile kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, kule mtaa wa Baba Dogo, na pakiti moja mfukoni. Bosi wenu aliwaambia maziwa yanaosha sumu. Barakoa hakuwapa, glavu hakuwapa. Uliamini kabisa kwamba hiyo ndiyo dawa yako, halafu ukaileta nyumbani tupikiwe chai. "Kunyweni, mimi niko sawa," ulikuwa ukisema, huku umelishika tumbo. Hukuwa sawa, Baba. Mikono ilitetemeka mpaka kikombe kikakushinda, kisha figo zikagoma, tukakuzika.

Sasa kazi yangu ni panya weupe wa maabara. Tunawatilia risasi kwenye maji, madini yale yale ya betri zenu, na baadhi yao tunawapa vitamini C na E tuone kama zitapunguza madhara. Zinapunguza kiasi. Lakini figo zao hazijawahi kuwa kama za panya ambaye hakuonja risasi kabisa. Na kila panya anapimwa uzito, anapimwa damu. Hilo linaniuma sana. Wewe ulivuta moshi ule miaka yote na hakuna aliyekupima chochote.

Nilimweleza haya Hamisi, kitinda mimba wako, kwa sababu ameandikwa kazi pale pale kiwandani kwenu. Akanicheka.

"Sistee, si ni wewe umesema vitamini inasaidia? Siku hizi bosi anatupea machungwa. Kila mtu mbili."

Machungwa! Nilitaka kumrushia sufuria. Nikamwambia, "Panya wangu wamefungiwa. Wewe nani amekufungia?"

"Njaa," akasema, na hakuwa anacheka tena.

Nina hasira na huyo bosi hadi mate yananikauka. Nina hasira na wewe pia, uliyetufundisha kuumwa kimya kimya.

Leo asubuhi nilifungia buti za Hamisi kabatini, nikakaa mlangoni na ufunguo. Yeye aliinama chini ya kitanda cha Mama, akatoa zako, akazivaa. Zimemtosha.

Pumzika, Baba, kama unaweza. Mimi kesho namfuata hadi getini, na huyo bosi atanisikia.

Ni mimi, binti yako mkubwa.