Rejeta Nyeusi

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini wewe, shemeji na watoto ni wazima huko mliko, na kwamba ule mguu wako umeacha kuvimba. Sisi tupo. Baba hajambo kidogo tu: daktari amesema jicho la kushoto halitaona tena, na la kulia linatofautisha mwanga na giza, basi.

Kwenye simu nilikuambia gari lilichemka njiani, baba akafungua kifuniko cha rejeta kabla halijapoa, maji yakamrukia usoni. Ni kweli. Ukasema uzee umemwingia, tungemnyang'anya funguo zamani. Kila mtu hapa anasema hivyohivyo. Siku hizi hata yeye mwenyewe, na hilo ndilo linalonitesa.

Lile gari unalijua. Lilitoka kiwandani kabla hujazaliwa, na baba alilifuta vumbi kwa bidii kuliko alivyotufuta sisi kamasi. Rejeta yake ya shaba ilipochakaa, nilimshauri tufunge ya alumini: ni nyepesi, inapoza injini haraka, na ilikuwa tayari hapa gereji. Ya shaba ingebidi iagizwe, miezi mitatu. Akakataa katakata. Alisema shaba ikitoboka fundi yeyote wa njiani anailehemu mnaendelea na safari, halafu haichagui maji. Alumini, alisema, ni sufuria. Tukabishana mpaka akasusa chai.

Sasa, dada, kaa kitako. Nilimfungia alumini. Niliipiga rangi nyeusi, nikamwambia ni shaba. Nilijiambia mzee atajuaje, fundi si mimi? Alifurahi, weee! Akaita majirani waje kuitazama.

Alumini haitaki maji matupu. Usipotia maji yenye dawa, inaliwa kwa ndani. Wateja wangu wote nawaambia hivyo. Baba sikumwambia, maana angeniuliza shaba imeanza lini kudeka. Basi kila asubuhi akaongeza haya maji yetu ya bomba yenye chumvi, kama alivyofanya miaka yote. Mwaka haukuisha. Nilipoifungua baada ya ajali ilikuwa imetoboka kama chujio. Nikaitupa kabla mtu hajaiona.

Kifuniko alikifungua kwa mkono wake, sikatai. Lakini kabla ya siku ile, lile gari halikuwahi kumchemkia maishani. Baba hakuzembea, dada. Aliitunza sawasawa rejeta aliyoamini anayo.

Juzi alinishika mkono akaniomba radhi. Alisema nilihangaika kumtafutia shaba, naye ameiua kwa uzembe wake. Nikamwambia nimemsamehe.

Nisalimie shemeji na watoto. Ukipiga simu, nakuomba usimgombeze tena habari za funguo. Yuko hapa pembeni yangu, anakusalimu sana. Anadhani nakuandikia majina ya dawa za macho.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi