Punje Tatu za Dhahabu za Baba Eveline

Kamwene Shangazi Yusta, mimi ni msikilizaji wako wa redio huku Idodi, nina furaha na hofu kwa wakati mmoja ndiyo maana nakuandikia unishike mkono. Mume wangu Edmund, Baba Eveline, mwaka jana aligundulika ana saratani ya tezi dume, tukapelekwa Dar es Salaam kwa ajili ya mionzi, na kabla ya kuanza daktari akampandikizia kwenye tezi punje tatu za dhahabu, ndogo kuliko mchele, akatueleza kwamba tezi husogea kibofu kikijaa na kwenye picha haionekani vizuri, lakini dhahabu inaonekana, kwa hiyo wanazitafuta punje kwanza ndipo wanajua pa kuelekeza mionzi.

Basi siku ya kwanza akalazwa kwenye mashine, mimi nasubiri nje, nikaona anatoka mapema mno, kumbe kwenye picha zimeonekana mbili tu, kwa sababu Baba Eveline ana chuma cha nyonga tangu ajali ya pikipiki, na chuma kimeificha ya tatu. Mtaalamu wa mionzi, dada Yudith, akamwambia, "Baba, siwashi mpaka nizione zote." Mume wangu akanigeukia, "Mama Eveline, twende nyumbani, hata mashine imenikataa." Nililia Shangazi, lakini Yudith na daktari wakakaa wakapanga kupiga picha kwa pembe nyingine, kesho yake akalazwa tena, na ile ya tatu ikajitokeza kando ya chuma! Wakaniita nikaziona kwenye skrini kwa macho yangu, vinukta vitatu vyeupe pee, nikapiga kigelegele hapohapo mpaka wagonjwa wenzetu wakaitikia.

Amemaliza mionzi, kipimo cha damu cha kuangalia saratani kimeshuka vizuri, daktari amefurahi, na kwaya imempata tena mwimba besi wake. Jumapili anataka kutoa ushuhuda kanisani na kuutaja ugonjwa kwa jina lake. Sasa kaka yake mkubwa, shemeji Zabron wa Uyole, amepiga simu kwamba aliyepona habaki na madini mwilini, hospitali wamezisahau, Jumamosi anakuja na mtu wa kumchanja azitoe, na ushuhuda usitolewe maana ugonjwa wa sehemu zile ni aibu ya ukoo. Yeye ndiye aliyemlea mume wangu, hivyo Baba Eveline ananiachia mimi nimjibu, na mimi niliyeolewa nitamkatalia vipi shemeji mkubwa?

Mama Eveline, Idodi

*

Kamwene, Mama Eveline. Nami nakupigia kigelegele, maana mmepita pagumu na mmeshinda. Kutoka kwenye "twende nyumbani" mpaka kuimba besi, huo si ushindi mdogo!

Sasa sikiliza. Najua kwetu mke hajibizani na kaka wa mume. Lakini tangu lini heshima ikawa kumtandikia mkeka mtu aje amchanje mumeo? Punje hazikusahaulika. Zimeachwa makusudi, hazimdhuru, na kuzichokonoa ndiko kutakakomletea damu na usaha. Huyo mtu asiguse hata kifungo cha shati la Edmund.

Nawe Edmund, najua unasikiliza. Sauti ya besi unayo, halafu unamwachia mkeo akusemee? Mpigie kaka yako leo, umwambie, "Kaka, umenilea, nakuheshimu, lakini mwilini mwangu hapaingii wembe." Akija, mpigieni daktari mbele yake, simu iwe na sauti kubwa, aulize mwenyewe yote yanayomsumbua. Anaogopa kumpoteza mdogo wake, na hofu hiyo inastahili jibu la upole. Kliniki usiache hata ukijiona mzima, na kila utakapopigwa picha waambie una dhahabu na una chuma.

Aibu? Aibu ni wanaume wanaokojoa kwa maumivu huku wanasema ni baridi ya Iringa, mpaka tunawazika. Jumapili simama mbele ya usharika, sema tezi dume kwa sauti, wanaume wote wakusikie.

Shemeji Zabron, nawe nina neno lako. Saratani hii hupenda kufuata ndugu wa damu, na wewe umezaliwa tumbo moja na Edmund. Karibu Idodi, kula, kaa kanisani umsikilize mdogo wako. Jumatatu usipande basi la Uyole kabla hujapima. Edmund, mpeleke wewe mwenyewe, mkae benchi moja. Alikulea. Sasa ni zamu yako.

Shangazi Yusta